Usipige Msasa Ushahidi: Ndege ya Horten na Kumbukumbu za Vita Tulizonazo Songea

Mhadhara wa umma uliotolewa Majengo, Songea



Nimeombwa nizungumzie uhifadhi wa vifaa vya vita. Nitaanzia mbali, kwenye ndege moja ya Kijerumani iliyoko Marekani, kisha nitarejea hapa kwetu. Hoja yangu ni moja: kazi ya kwanza ya makumbusho ni kulinda ushahidi. Kukipendezesha kifaa ni jambo la baadaye, na mara nyingi halihitajiki kabisa.

Ndege hiyo ilibuniwa na ndugu wawili, Walter na Reimar Horten. Haina mkia wala kiwiliwili kirefu; ni bawa tupu, na rubani ameketi katikati yake pamoja na injini mbili za jeti. Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alitaka ndege ya kubeba kilo 1,000 za mabomu umbali wa kilomita 1,000 kwa kasi ya kilomita 1,000 kwa saa. Ndege ya kwanza ya majaribio, isiyo na injini, iliruka tarehe 1 Machi 1944. Ya pili iliruka kwa injini zake Februari 1945, lakini tarehe 18 ya mwezi huohuo injini moja ikazimika angani, ndege ikaanguka na kumuua rubani wake, Erwin Ziller. Ya tatu ilikuwa bado inaundwa kiwandani Friedrichroda wanajeshi wa Marekani walipofika Aprili 1945. Waliichukua kama ngawira, wakaisafirisha kwa meli hadi kwao. Hiyo ya tatu ndiyo pekee ya aina yake iliyobaki duniani.

Ifikapo mwaka 1952 ilikuwa Silver Hill, Maryland, kwenye maghala ya Taasisi ya Smithsonian. Ilikaa huko miongo mingi kabla ya kuhamishiwa kwenye karakana ya Kituo cha Udvar-Hazy, Virginia, ambako wahifadhi waliishughulikia mbele ya macho ya wageni.

Naomba mafundi seremala waliomo humu wanisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndege hii ni kazi ya mbao. Mifupa ya sehemu ya katikati ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Juu yake pamebandikwa plaiwudi. Mabawa nayo ni ya mbao. Ujerumani ilikuwa na upungufu wa metali, na seremala walikuwepo. Plaiwudi, kama mnavyojua, ni tabaka za mbao nyembamba zilizoshikwa na gundi. Ikipata unyevu, ikakauka, ikapata unyevu tena mwaka hadi mwaka, gundi huchoka. Tabaka huachana, kingo hufumuka, na ukigusa vibaya kipande kinabaki mkononi. Ndivyo ndege hii ilivyokuwa ilipofikishwa karakanani.

Wahifadhi walikuwa na njia mbili mbele yao. Ya kwanza ilikuwa kuivua mbao zote zilizooza, kuivalisha plaiwudi mpya, kupiga msasa na kupaka rangi mpaka ing'ae. Wageni wangefurahi, na picha zingependeza. Ya pili ilikuwa kuishikiza ilivyo: kusafisha kwa uangalifu, kugandisha tabaka zilizoachana, kuzuia uharibifu usiendelee, na kuacha alama za kiwandani na za miaka ya ghalani zionekane. Walichagua ya pili, na faida ya uamuzi huo tunaweza kuionyesha kwa mfano mmoja.

Mwaka 1983 Reimar Horten aliandika kwamba alikusudia kuchanganya vumbi la mkaa kwenye gundi ya ndege hiyo ili kunyonya mawimbi ya rada. Dai hilo lilienea. Vitabu na filamu vikaeleza kwamba Ujerumani ilikuwa imetengeneza ndege isiyoonekana na rada miongo kadhaa kabla ya Marekani. Nani angeamua ukweli? Mbunifu alikuwa anakumbuka mambo ya karibu miaka 40 nyuma. Shahidi aliyebaki ni gundi yenyewe. Wataalamu wa Smithsonian walichukua sampuli ndogo za mbao na gundi, wakazichunguza kimaabara, wasipate ushahidi wowote wa mkaa. Sasa fikirini: lau mtu mwenye nia njema angekuwa ameibandua plaiwudi ile ya zamani na kuitupa, swali hilo lisingepata jibu kamwe. Tungebaki na ndege nzuri na hadithi nzuri, bila njia ya kujua kama hadithi ni ya kweli.

Kuna jambo la pili la kujifunza. Kabla ya uchunguzi huo kukamilika, kampuni ya Northrop Grumman iliunda nakala ya ukubwa kamili ya ndege hiyo na kuipima kwa rada. Nakala hiyo sasa iko kwenye makumbusho ya San Diego. Kwa hiyo kazi ya sulubu ilifanywa na nakala. Ilinyanyuliwa, ikazungushwa, ikapigwa mawimbi. Ile halisi haikupitishwa kwenye misukosuko hiyo.

Mtu anaweza kuniuliza: je, kila kitu cha vita kiachwe kama kilivyo? Hapana. Hapa Tanzania tunayo meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha na kuletwa Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa reli. Ilishushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza mainjinia wake walizipaka injini grisi nzito zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina tunalolijua. Baadaye injini za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli. Hiyo ni sahihi, kwa sababu Liemba ni chombo cha kusafirisha watu na usalama wao unatangulia. Chombo kinachofanya kazi hubadilishwa ili kiendelee kuishi. Kifaa cha makumbusho kinaendelea kuishi kwa kutobadilishwa.

Sasa nirudi Songea. Mjini kwetu hapa tuna Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980 na kuingizwa katika Makumbusho ya Taifa mwaka 2010. Hapo pana kaburi la pamoja la mashujaa wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, walionyongwa nao tarehe 27 Februari 1906, na kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye kwa masimulizi ya wazee wetu kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapo akaomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu.

Kitu kilichochukuliwa vitani hakipaswi kutenganishwa na habari za jinsi kilivyochukuliwa. Ndege ya Horten ilitoka katika sekta iliyotegemea mno kazi ya wafungwa na watu waliolazimishwa, ikawa ngawira, ikawa kifaa cha utafiti, ndipo ikawa kumbukumbu. Hatua zote hizo ni sehemu yake. Vivyo hivyo mkuki uliopigana Majimaji: mpini uliopasuka, kutu kwenye chembe, kamba iliyofungwa na mkono wa mtu fulani. Mwenye kuupiga msasa na kuupaka vanishi anadhani anauheshimu, kumbe anaunyang'anya sauti.

Hali ya hewa yetu inatudai tuwe macho. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu hufuata miezi mirefu ya ukavu. Mbao na ngozi huvimba na kusinyaa kila mwaka, na mchwa na bungua hawapumziki.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuandike kabla ya kugusa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kifaa kipigwe picha pande zote, kipimwe, na iandikwe kilitoka kwa nani, lini, na kwa njia gani. Mzee anayekifahamu asikilizwe na kurekodiwa sasa, akiwa hai.

Pili, mafundi wa Majengo wapewe kazi ya nakala. Mnaijua mbao, chuma na ngozi. Tengenezeni mikuki na ngao ambazo watoto wa shule watazishika, watazibeba kwenye maadhimisho ya Februari na hata kuzivunja. Vile halisi vikae mahali pakavu, penye kivuli, mbali na sakafu na mikono.

Tatu, fundi na mhifadhi wafundishane. Mhifadhi anajua kwa nini kitu kisiguswe. Fundi anajua kilivyoundwa. Ndege ya Horten iliokolewa kwa kuunganisha elimu hizo mbili, na hatuhitaji hangari ya Virginia ili tuanze. Tunahitaji daftari, kamera, chumba kikavu na uamuzi wa pamoja kwamba hakuna mtu atakayefuta alama ya Majimaji kwa kutaka ipendeze.

Mkinikubalia, tuanze na daftari.