Sauti ya Gari ni Onyo: Tuisikilize kabla ya Mteremko

Hotuba ya ofisa wa usalama barabarani kwa madereva, wenye magari na abiria, katika mkutano wa polisi na jamii, Kisoro

Leo nitaziweka kando faini na leseni, nizungumze juu ya masikio.

Asubuhi moja, kabla ya mteremko wa Kanaba, nilisimamisha teksi iliyojaa abiria. Redio ililia kwa nguvu. Nilipomwomba dereva aizime na kulisogeza gari polepole, sote tulisikia mkwaruzo wa chuma juu ya chuma kutoka gurudumu la mbele. Mama mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Afande, tumeusikia tangu Kabale, ila tuliona haya kusema." Dereva naye akakiri kwamba aliusikia kwa siku tatu, akaongeza sauti ya redio, kwa sababu mwenye gari alikuwa akingoja hesabu ya jioni. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha kabisa.

Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Gari huonya kabla ya kuharibika, na kuelewa onyo lake si kazi ya fundi peke yake. Jambo kubwa ni kujua sauti inafuata nini. Ukilijua hilo, umekaribia kujua kasoro ilipo.

Kwanza, je, sauti huja unapokanyaga breki? Pedi nyingi zimewekewa kibamba chembamba cha chuma, ambacho hugusa diski na kupiga mlio mkali pedi zinapokaribia kwisha. Mlio mfupi wa asubuhi yenye umande waweza kutoweka wenyewe. Unaorudi kila siku wataka fundi. Mlio ukigeuka mkwaruzo mzito, usiendelee na safari.

Pili, je, hufuata mwendo wa magurudumu? Mvumo unaopanda kadiri gari linavyokimbia, na kubadilika unapokata kona, mara nyingi ni beringi ya gurudumu iliyochakaa. Ikiachwa, gurudumu hulegea, na mwisho wake laweza kuchomoka.

Tatu, je, hufuata usukani? Mgongano wa haraka, ka-ka-ka, unapokata usukani hadi mwisho na kuondoka polepole, mara nyingi hutoka katika jointi ya ekseli ya mbele.

Nne, je, husikika hata gari likiwa limesimama? Ikiwa hupanda unapoongeza mafuta ilhali magurudumu hayazunguki, tafuta kwenye injini. Mlio mwembamba wakati wa kuwasha waweza kuwa wa mkanda uliolegea. Lakini injini ikigonga huku taa nyekundu ya oili ikiwaka, egesha mahali salama na kuizima papo hapo. Na mngurumo mpya chini ya sakafu waweza kuwa wa bomba la moshi lililotoboka. Moshi huo una hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua abiria waliofunga madirisha.

Njia ya kuchunguza ni nyepesi. Zima redio, fungua madirisha, upite polepole kando ya ukuta. Ukuta hukurudishia sauti ya magurudumu. Kisha mweleze fundi ilianza lini, upande gani, na hubadilika kwa jambo gani. Maelezo hayo humfaa hata fundi wa ng'ambo ya mpaka ambaye hamfahamiani vizuri kwa lugha, nayo hukuepusha kununua vipuri usivyovihitaji.

Kwa wenye magari nina ombi. Dereva akikuambia gari linalia, usimjibu kwa kumdai hesabu. Pedi mpya ni gharama ndogo kuliko diski, na diski ni ndogo kuliko maziko. Nanyi abiria, nauli mliyolipa haikununua ukimya wenu. Mkisikia mkwaruzo, semeni kwa adabu. Dereva akipuuza, ombeni kushuka, au mwarifu askari wa kizuizi kilicho karibu.

Tena, ndugu madereva, kila mteremko uanzeni kwa gia ndogo, ili injini isaidie kulizuia gari. Breki zilizokanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu, hata zikiwa nzima.

Teksi ile haikushuka Kanaba siku hiyo. Abiria walihamia gari jingine, wengine wakinung'unika kwa kuchelewa. Jioni wote walikuwa makwao. Nasi polisi tungependa kila safari iishe hivyo.