Makaa ya Virunga

Katika nchi jirani ya Kongo, makaa ya kupikia yamekuwa pia suala la ulinzi. Kwa miaka mingi vikundi vyenye silaha, likiwemo kundi la FDLR, vimejipatia fedha kutokana na makaa yanayochomwa katika Hifadhi ya Virunga na kuuzwa mjini Goma. Askari wengi wa hifadhi wameuawa wakiilinda.

Lakini bunduki peke yake haizimi moto huu. Mama wa Goma hununua makaa kwa sababu watoto lazima wale. Naye hulipa mara mbili: kwa fedha, na kwa pumzi yake, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani.

Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kilichozinduliwa mwaka 2015 huko Rutshuru, kilionyesha njia nyingine. Kwa maskini asiyemudu umeme, jiko sanifu la udongo hupunguza makaa yanayotumika.

Kwa hiyo askari anayezuia gunia la makaa ya magendo na fundi anayefinyanga jiko wanafanya kazi moja. Wote wawili wanamnyima adui mapato.