Waliotoka msituni na kiti cha uongozi

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Kalemie



Tuliombwa tuzungumze juu ya swali moja ambalo linarudi kila mara katika vikundi vyetu: hawa vijana waliotoka msituni na silaha, kesho wanaweza kuwa viongozi wa inchi? Mama mmoja alilisema kwa ukali zaidi: "Huyu alichoma nyumba yangu, kesho nimuite muheshimiwa?" Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Sisi tunaozunguka nanyi vijijini hatukuwa na jibu la haraka, basi tuliangalia historia, na historia yenyewe haiko mbali na hapa.

Jibu la kwanza ni fupi: wanaweza, na wamekwisha kuwa. Mzee Laurent-Désiré Kabila alikuwa katika uasi wa 1964, wakati Simba walipouteka mji wetu huu, siku zile ungali unaitwa Albertville. Mwaka 1967 alianzisha chama chake, PRP, akakaa na watu wake milimani Fizi kwa miaka mingi. Tarehe 17 Mei 1997 askari wa AFDL waliingia Kinshasa, naye akawa Rais. Alipouawa Januari 2001, mwanawe Joseph, aliyepanda kupitia jeshi hilo hilo, alikalia kiti akiwa na miaka 29. Kwa jirani ni vivyo hivyo. Museveni aliingia msituni 1981, akaingia Kampala Januari 1986, na hadi leo yupo. Burundi, Nkurunziza alitoka CNDD-FDD akawa Rais 2005, na Ndayishimiye aliyemfuata 2020 ni mtu wa msitu ule ule. Tanzania na Zambia, zile inchi mbili zilizotupokea wengi wetu kama wakimbizi, hazijatawaliwa na Rais aliyetoka msituni. Hilo tunaliacha hapo.

Sasa tuangalie vizuri: ni nani hasa waliopata kiti? Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002 yalitupa Rais mmoja na makamu wanne. Wawili kati ya wale wanne walitoka katika makundi yenye silaha: Jean-Pierre Bemba wa MLC na Azarias Ruberwa wa RCD. Bemba alikuwa mfanyabiashara kabla ya vita. Ruberwa ni avoka. Nkurunziza alikuwa mwalimu wa michezo chuo kikuu, na Museveni alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata Mzee Kabila, siasa ilimuanza kabla ya bunduki. Che Guevara alipovuka kutoka Kigoma 1965 kuja kupigana upande huu wa ziwa, moja ya mambo yaliyomchosha ni kwamba wakubwa hawakuonekana kwenye mapigano, walikuwa mijini.

Na wale waliotembea kwa miguu? Wale kadogo wa AFDL waliokata inchi nzima kutoka mashariki hadi Kinshasa, wako wapi? Wizarani hatukuwaona. Kwa hiyo, mtu akisema "wapiganaji wamekuwa viongozi", tumuulize: wapiganaji gani? Kijana aliyelala na silaha katika mashamba ya Nyunzu au Manono hana lugha ya Kinshasa, hana pesa za kampeni, wala rafiki katika inchi za nje. Mkubwa wake anavyo. Huyo ndiye atakayekuja kuomba kura, na yule kijana atabaki kubeba bendera kwenye mkutano.

Tena kuna jambo ambalo watu wa hapa mnalijua kuliko sisi. RCD ilishika Kalemie tangu Agosti 1998 hadi inchi ilipounganishwa. Wengi wenu mlikimbilia Zambia wakati ule, hasa mlipoona Pweto imeanguka Desemba 2000. Kundi lile lilishika sehemu kubwa ya mashariki, na bunduki, na bandari, na ushuru. Uchaguzi ulipofika 2006, Ruberwa alipata asilimia 1.69 ya kura. Asilimia moja na kitu! Bemba ni habari nyingine: asilimia 20 duru ya kwanza, karibu 42 ya pili. Lakini kura zake nyingi zilitoka magharibi. Kule wengi hawakukimbia vita vyake. Mahali watu walipokimbia, walikumbuka.

Sheria yenyewe haimfungii mlango mtu aliyeshika silaha. Katiba ya 2006 inataka Rais awe Mkongomani wa asili na awe na miaka 30 kamili. Askari aliye kazini lazima aache kazi kwanza, juu jeshi halina chama. Sheria ya uchaguzi inamzuia aliyehukumiwa moja kwa moja kwa makosa ya vita. Ni nzuri. Shida ni kwamba wengi waliotenda mambo hapa 2016 na 2017, Batwa na Waluba walipouana na watu zaidi ya nusu milioni wa jimbo hili wakaacha nyumba zao, hawajafika mbele ya hakimu yeyote. Mbele ya sheria ni raia safi kama wewe.

Na hapa ndipo tuna woga, tuseme wazi mbele ya wafadhili pia. Woga wetu si kwamba kijana fulani wa milisia atakuwa depite. Tunaogopa kile ambacho wadogo zake wanajifunza wanapoona njia. Tangu Pretoria, somo limekuwa hili: shika silaha, fanya kelele, utaitwa mezani, utapewa cheo. Thomas Lubanga alihukumiwa La Haye 2012 kwa kuwatia watoto jeshini. Alipotoka, 2022 serikali ilimtuma Ituri kuongea amani. Kijana wa Kabalo anasikia hayo kwa radio, anapiga hesabu yake. Programu ya P-DDRCS, ambayo ilianzishwa 2021, inasema mtu asipewe cheo jeshini kama zawadi, arudi kijijini na kijiji kisaidiwe pamoja naye. Tunaiunga mkono. Lakini misaada inachelewa, na msitu hauchelewi kuita.

Tunaomba mtuvumilie kwa jambo moja zaidi. Kila tukiulizwa juu ya viongozi wa kesho, tunatajiwa wanaume waliobeba bunduki. Hakuna mtu anauliza juu ya mama aliyekuwa kwenye komite ya kambi Meheba au Nyarugusu, aliyeandika orodha ya unga, akaamua ugomvi wa bomba la maji usiku, akatukanwa na pande mbili, na kesho yake akarudi kazini. Kuongoza watu wasio na kitu, bila silaha, miaka kumi: hiyo ni shule. Wako wengi humu ndani. Tunawaona, wengine wamekaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Basi kwa upande wa kazi. Vikundi vya likelemba vya Moba na Nyunzu vimeuliza kama aliyetoka msituni anaweza kuchaguliwa kwenye komite. Sisi tunapendekeza hivi: aingie kama mwanachama wa kawaida, aweke franga zake kama wengine, akope, arudishe. Baada ya miaka miwili, kama watu aliowakosea wamesikilizwa kwenye baraza mbele yake, anaweza kugombea. Kabla ya hapo, hapana. Akishika sanduku la pesa na hesabu ikatoka sawa, na aliposhindwa kura akakubali kukaa chini bila kutisha mtu, hapo tutakuwa na kitu cha kumjibu yule mama.

Kuna wanaosema miaka miwili ni mingi, na kuna wanaosema ni michache mno. Karatasi ya pendekezo iko kwa sekretari. Kila kikundi kilete jibu lake kabla ya mkutano mkuu, na tunaomba yaliyochomewa nyumba yasikike pia, si ya komite tu.