Ufunguo Pekee Hauendeshi Zahanati

Hotuba ya afisa wa afya wa kaunti ndogo alipofunga mafunzo ya uongozi na usimamizi kwa wauguzi na maafisa wa kliniki wanaosimamia zahanati na vituo vya afya.



Wiki hii mmekaa darasani mkisoma bajeti, ratiba za zamu, hesabu za dawa na namna ya kuendesha kikao. Najua wapo waliojiuliza: mimi ni muuguzi, mambo ya bajeti yananihusu nini? Nami niliwahi kuuliza hivyo, na jibu nililipata vibaya.

Nilikabidhiwa zahanati ya kwanza nikiwa bado mgeni kazini. Aliyenitangulia alinipa ufunguo, muhuri na daftari la wagonjwa, akapanda bodaboda akaenda zake. Nilijua kuzalisha, kushona jeraha na kumwekea mtoto dripu. Kupanga kazi ya watu wengine hakuna aliyenifundisha. Tulikuwa watatu, na friji ya chanjo ilitumia gesi. Ijumaa moja nilienda mkutanoni nikiamini mwenzangu angeangalia mtungi. Yeye aliamini hiyo ni kazi ya mhudumu wa usafi. Gesi ikaisha.

Jumatatu asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 19. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Nje, benchi lilikuwa limejaa akina mama, wengine wametembea tangu alfajiri, watoto wa miezi tisa mgongoni wakija kwa chanjo ya surua. Niliwaambia warudi wiki ijayo. Baadhi hawakurudi, ikabidi tuwafuate nyumba kwa nyumba.

Uuguzi niliujua. Kilichokosekana ni karatasi moja ukutani: mtungi wa gesi ni wa fulani, kusoma joto asubuhi na jioni ni fulani, fulani asipokuwepo, ni fulani mwingine.

Tangu mwaka 2013 zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Kisha mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia kuboresha huduma. Zamani msimamizi angeweza kusema, “Pesa ziko makao makuu, mimi nifanyeje?” Siku hizi bomba likivunjika kwenye chumba cha kujifungulia, wananchi watakuja kwako, na wana haki.

Dawa vilevile. Nimepokea barua za kuomba dawa zilizoandikwa siku ambayo rafu imebaki tupu. Dawa zinazotoka KEMSA haziji kwa bodaboda jioni hiyo hiyo. Kama kadi ya stoo inajazwa kila siku, utaona mapema kwamba dawa ya malaria inapungua haraka msimu wa mvua, na utaagiza kabla mama hajaambiwa akanunue dukani.

Na watu je? Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Kuna muuguzi aliyekuwa akichelewa kila siku, msimamizi wake akamwandikia barua mbili za onyo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mto ulikuwa umefurika, naye alilazimika kuzunguka mbali. Walipombadilishia zamu, kuchelewa kukaisha. Sisemi msiwaonye wazembe. Wapo, na tunawajua. Uliza kwanza.

Lawama nyingine ni yetu sisi wa ofisini. Tunamfundisha mtu, anaanza kuielewa kazi, mara tunampa uhamisho. Hilo nimelisema kwenye vikao vyetu na nitaendelea kulisema. Pia tukija kukagua, tusije kutafuta makosa tu na kunywa chai. Tuketi na msimamizi tupitie vitabu vyake pamoja.

Kwenu wananchi: wanakamati wa kituo ni majirani zenu. Waulizeni pesa zilizoingia ni ngapi na zilifanya kazi gani. Kama hesabu haijabandikwa kwenye ubao wa matangazo, ulizeni kwa nini. Muuguzi asichukie kuulizwa. Nanyi msije kumtukana muuguzi aliye peke yake na wagonjwa arobaini. Njooni kwenye mkutano wa kamati mseme.

Wasimamizi, kazi ninayowapa ni ndogo. Kabla ya Ijumaa ijayo kila kituo kiwe na ratiba ukutani yenye majina, pamoja na jina la anayeangalia friji. Nitapita kuisoma, na sitapiga simu kwanza.