Tuzibe Ufa Kwanza, Sola Baadaye

Vikundi vingi vimetuuliza: "Hizi pesa tulizochanga, tununue sola?" Kabla ya kujibu, twende kidogo hadi Kanada.

Huko kuna mji uitwao Regina. Baridi yake hushuka hata digrii 30 chini ya sifuri, na nyumba isipopashwa moto hapakaliki. Mwaka 1977, baada ya bei ya mafuta kupanda, wataalamu, mhandisi Harold Orr akiwa mmoja wao, walijenga nyumba ya majaribio. Kuta zilikuwa na unene wa futi moja hivi, zimejazwa vitu vya kuzuia joto lisitoroke. Nyufa zote zikazibwa. Kisha wakaweka mitambo ya kukusanya joto la jua.

Basi ni kipi kilichodumu? Mitambo ile ilikuwa ghali na yenye taabu nyingi, mwishowe ikaondolewa. Kuta nene zikabaki zikifanya kazi, maana ukuta hauna mashine ya kuharibika. Ndiyo maana wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sisi hatuna barafu, lakini nyufa tunazo. Sufuria isiyo na kifuniko ni ufa. Maharagwe yasiyolowekwa usiku ni ufa. Mawe matatu penye upepo ni ufa mkubwa. Tukiloweka, tukifunika, tukitumia jiko la udongo lililokingwa upepo, kuni zitapungua, na mama hatarudi msituni mara nyingi.

Taa nazo je? Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka kwa masaa 4, inakula wati 240 za saa. Balbu ya LED ya wati 8 hutoa mwanga unaokaribiana na huo, lakini inakula 32 tu. Anayebadilisha balbu kwanza atatosheka na paneli ndogo na betri ndogo. Asiyebadilisha atalipia upotevu wake kwa pesa za kikundi.

Hatusemi sola ni mbaya, la! Tunasema ije ya pili. Kwa hivyo kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kikae chini kiandike: sisi tunapoteza wapi? Tukishaziba hapo, ndipo tuhesabu ni sola ya kiasi gani inatutosha.