Cheti Kabla ya Meli

Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa Kaunti ya Mombasa kwa wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kutoka ng'ambo



Kuna swali tunaloulizwa mara kwa mara: "Nina kibali cha biashara cha kaunti, mbona mzigo wangu umezuiwa bandarini?" Kibali hicho kinakuruhusu kufungua duka. Hakisemi lolote kuhusu chaja au waya wa umeme uliomo ndani ya kontena. Hayo ni ya KEBS, shirika linalosimamia ubora wa bidhaa, na cheti chake hutafutwa bidhaa zikiwa bado huko zinakotoka.

Utaratibu huu ulianza mwaka 2005. Kampuni zilizoteuliwa na KEBS hukagua bidhaa kabla hazijapakiwa, kisha hutoa cheti ambacho mawakala wa forodha hukiita CoC. Kilichobadilika ni safari ya karatasi. Zamani bahasha ilibebwa ofisi hadi ofisi. Siku hizi, kupitia mfumo wa KenTrade uliozinduliwa rasmi mwaka 2014, maombi hujazwa kwenye kompyuta.

Mpangilio ni huu. Muuzaji akupe ankara ya awali. Wakala wako aitumie kujaza tamko la uagizaji, yaani IDF. Nambari ya IDF mpelekee muuzaji, naye aiwasilishe kwa kampuni ya ukaguzi pamoja na ankara na ripoti za maabara. Cheti kikitoka, ndipo mzigo upakiwe.

Wengi hukwama kwenye maelezo. Ankara inasema "vifaa vya umeme", IDF inasema chaja 2,000, cheti kinasema 1,800. Afisa anayezifungua anaona zote tatu kwa pamoja, na mzigo unasimama. Siku za bure bandarini ni chache. Zikiisha, ada ya kuhifadhi mzigo inapanda kila siku, na kampuni ya meli nayo inadai kontena yake. Mtaji wa mama aliyekopa kwenye chama hauhimili wiki mbili za namna hiyo.

Najua wapo wanaosema hii ni kodi nyingine. Ada ya ukaguzi ipo, sikatai, na muuzaji huiweka kwenye bei. Lakini waya mwembamba kuliko ulivyoandikwa utaunguza nyumba Majengo au Kisauni, si huko ulikotengenezwa.

Sasa nyinyi mnaochangia kontena kupitia wakusanyaji wa mizigo, na ndio wengi hapa. Kabla ya kulipa, ulizeni: cheti kitatoka kwa jina la nani, na bidhaa zangu zimetajwa humo? Mwenzako akificha bidhaa mbovu, kontena ni moja na mlango ni mmoja, mnazuiwa nyote. Anayekwambia "usijali, tutamalizana Mombasa", mkimbie. Bidhaa zikifika bila cheti hukaguliwa hapa kwa gharama ya mwenyewe, na zisipofaa zinaweza kurudishwa au kuharibiwa.

Wala msinunue cheti mitaani. KEBS wana ofisi hapa Mombasa. Pelekeni nambari ya cheti wathibitishe.

Aliye na ankara na IDF kwenye simu, abaki kidogo. Wenzangu wa idara ya biashara watazilinganisha nanyi mstari kwa mstari, kabla hamjatuma pesa.