Miguu Isiyotulia Usiku na Kazi ya Mchana



Wakati wa msimu wa kununua mazao, karani wa mizani anayesinzia mbele ya foleni ya wakulima hupewa majina upesi: mlevi, mvivu, mtu asiyejali mali ya chama. Pengine majina hayo humstahili. Lakini wapo wanaosinzia mchana kwa sababu usiku miguu yao iliwakatalia kulala, na hao hawahitaji barua ya karipio bali matibabu.

Ugonjwa wa miguu isiyotulia si mpya. Daktari Thomas Willis wa Uingereza aliueleza mwaka 1672, naye Karl-Axel Ekbom wa Sweden akauandikia kitabu mwaka 1945. Mgonjwa akishajinyoosha kitandani, au akikaa kitako kwa muda mrefu, huhisi ndani ya miguu kama kitu kinachotambaa au kuvuta, naye hushindwa kujizuia kuitikisa. Akiinuka na kutembea hupata nafuu. Akirudi kulala, adha hurudi. Hali huzidi jioni na usiku, kisha hupungua kuelekea alfajiri. Basi usingizi humjia jogoo wakiwika, na jirani aendaye shamba humkuta amelala. Huyo ndiye aitwaye mvivu! Mkakamao wa misuli ni jambo jingine: huo huuma ghafla na msuli huwa mgumu.

Wengine huurithi ugonjwa huu, na wengine huupata kwa maradhi ya figo. Wajawazito huusumbukia hasa katika miezi mitatu ya mwisho, na wengi wao hupona baada ya kujifungua. Lakini chanzo kinachostahili kuangaliwa kwanza vijijini ni upungufu wa madini ya chuma. Ubongo huyahitaji madini hayo ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo. Safura hunyonya damu, na pamoja na damu chuma hupotea. Hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu hufanya vivyo hivyo. Hata chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga. Afadhali inywewe baadaye.

Kosa kubwa hutokea dukani. Aliyekosa usingizi hununua vidonge vya mafua vinavyosinzisha, na baadhi ya vidonge hivyo huichochea miguu zaidi. Ndivyo zilivyo pia baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za kutibu sonona, ingawa dawa aliyoandika daktari haiachwi bila kumwuliza. Pombe nayo humlaza mtu kidogo, kisha humwamsha; na kahawa ya jioni haifai kwa mgonjwa huyu, hata kama ni mkulima wa kahawa.

Mgonjwa aende hospitali aeleze mambo yote, pamoja na saa yanapoanza. Kipimo cha kawaida cha wingi wa damu hakitoshi, maana damu yaweza kuonekana nzuri huku akiba ya chuma imekwisha. Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo cha feritini. Vidonge vya chuma visimezwe kwa kubahatisha, kwani chuma kikizidi hudhuru, na vifungiwe mbali na watoto, ambao huweza kufa wakivimeza vingi. Wakati matibabu yakiendelea, kukanda miguu na kuiosha kwa maji ya moto kabla ya kulala huwapa wengi nafuu, na karani wa namna hii aweza kupangiwa zamu ya mizani inayoanza saa nne badala ya saa moja.